Kindi na Chura

Chumba cha gemu kilinuka, na Dada Fundi alikichukia kila asubuhi kana kwamba ndiyo kwanza anaingia: jasho la viganja, soksi, vumbi lililopikwa na joto la televisheni. Alifungua madirisha, akalowesha kitambaa kwa spiriti, akaanza kuzifuta pedi za kuchezea. Pembeni mwa vibonye palikuwa na ukoko mweusi wa kutolewa kwa ukucha. Watu wazima hao, wenye wake na ndevu.

Mashine ilibaki moja. Meno ya ndani ya mdomo wake, yale yanayoing'ata kaseti ya gemu, yalikuwa yamelegea. Kila kaseti ilipochomolewa, jino jingine lilipinda. Basi alikuwa ameamua: leo atachagua kaseti moja aichomelee humo kwa risasi ya kuyeyusha, isitoke tena maishani. Zilikuwa gemu mbili tu: Kindi au Chura.

Kwake yeye halikuwa swali. Kindi hana hila. Huruka umbali uleule jana na leo, jiwe lake husimama lilipo, na ukitumbukia shimoni unajua kosa ni la kidole chako. Rangi zake chache, muziki wake mdogo kama mtu anayepiga mluzi akiwa kazini. Chura alitoka enzi zilezile, kwa mashine ileile, na rangi za kutia kichefuchefu. Akitua huteleza kama aliyekanyaga sabuni. Ngazi humyeyukia miguuni bila dalili. Akifa, hucheua. Miaka yote hiyo Dada Fundi amekula chakula chake cha mchana akisikiliza mcheuo huo.

"Dada, usitufungie panya wako humo," alisema kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuja kusubiri zamu kabla hata mashine haijafunguliwa.

"Kindi si panya."

"Ana mkia, ana meno, anaiba karanga. Panya huyo, kavaa koti tu."

Mdogo wake, ambaye ndiye mwenza wake katika biashara, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Dada, tuseme kweli. Kindi unamcheza wewe peke yako."

"Chura anawadanganya. Mnaangushwa, na bado mnachekelea!"

"Ndiyo raha yenyewe! Kindi ukianguka unajiona mjinga. Chura akikuangusha, unamtukana yeye."

"Na mama yake," kinyozi aliongeza.

Dada Fundi alishika bisibisi, akafungua kaseti zote mbili ili azisafishe kwanza, achomelee kitu kizima. Ya Chura ilifunguka ikang'aa, shaba yake kama mpya. Ya Kindi ilikuwa na ukungu wa kijani, umetambaa kama upele. Alipoipitisha pamba, kipande cha shaba kilibanduka kikanata kwenye pamba, kama gaga la kidonda.

"Nini hiyo?" mdogo wake aliuliza.

"Mate."

Kila Kindi alipogoma kuwaka, yeye mwenyewe ndiye aliyemchomoa, akamweka mdomoni na kumpuliza, kama wanavyofanya watu wote wa gemu. Pumzi ndefu, zenye unyevu, miaka nenda miaka rudi. Chura hakuwahi kumgusa kwa mdomo. Alimfuta kwa pamba na spiriti, kwa ncha za vidole, akiwa amekunja uso.

"Umembusu mpaka umemuua," kinyozi alisema. Alianza kucheka, akamtazama, akaacha.

Alisugua hadi hapakubaki kitu cha kusugua. Kisha akatema mate nje ya dirisha, akajifuta midomo kwa mkono wa shati, akajifuta tena. Akawasha kichomeo. Moshi wa risasi ukapanda, na jino baada ya jino Chura akashikana na mashine.

"Anza wewe, Dada," mdogo wake alisema kwa upole, akimpa pedi. "Ni haki yako."

Alimrusha Chura kwenye jiwe la kwanza. Akatua sawasawa. Akateleza, akatumbukia, akacheua.

"Mwongo mkubwa wewe!" Dada Fundi alimfokea. "Nilikanyaga jiwe! Mmeona, nilikanyaga!"

"Tumeona, tumeona!" wakapiga kelele wote wawili, kinyozi akimpigapiga begani. "Karibu kwetu, Dada!"

Kosa halikuwa lake. Alijisikia mwepesi, kifua wazi, na wepesi huo ukamchukiza kuliko harufu yoyote ya chumba kile. Akabonyeza, akaanza upya.