Misumari Mdomoni, Kikombe Dirishani

Jua halijapanda sawasawa na Fundi Springi tayari ana misumari mdomoni. Anausukuma mmoja kwa ulimi, anaunasa kwa nyundo yenye sumaku, anaupigilia kwenye fremu ya kochi. Ukimsalimu saa hizi atakujibu kwa nyusi.

"Hii ndiyo kazi pekee inayomlipa mtu kunyamaza," anasema baadaye, mdomo ukiwa mtupu.

Kunyamaza amekuzoea. Yeye na dada yake, ambaye ni dobi, hawajasemezana tangu mama yao afariki. Lakini kila siku wanapishana kwenye nyumba moja, kwa sababu baba ni mmoja na anaumwa: presha iko juu, kumbukumbu inamtoka.

Mzee alikuwa mhudumu wa hoteli maisha yake yote, na anaamini bado yuko zamu.

"Asubuhi ananiuliza, 'Mteja, umeshahudumiwa?' Nikimwambia mimi ni mwanao, anasema hoteli haina mambo ya undugu, nikapange foleni kama wengine."

Asubuhi fundi anamtunza huku akipigilia makochi kibarazani. Mchana ni zamu ya dada. Dada akiingia kwa mlango wa mbele, fundi anatokea wa nyuma.

Shida ni kidonge cha presha. Mzee hukikataa mara nyingi. Anasema mhudumu hatii kitu mdomoni wateja wakiwa wamesimama. Akikikataa asubuhi, dada ajaribu mchana. Sasa nani amwambie nani? Muuguzi wa zahanati, aliyechoka kutumwa na huyu kwa yule, akawawekea kikombe dirishani. Kikiwa kimesimama, Mzee bado. Kikiwa kimefudikizwa, ameshakunywa.

"Watu wazima na ndevu zenu," aliwaambia, "mnaongea kwa vyombo."

"Ndevu ni zake," dada akamjibu.

Vyombo viliongea vizuri mpaka Mzee alipoanguka bafuni. Daktari akakuta presha imepaa, akauliza kama dawa anakunywa.

"Mwulize yeye," fundi akasema, akimwonyesha dada kwa kidevu.

"Mwulize huyo. Mimi nilikuta kikombe kimefudikizwa."

"Nilikiacha kimesimama!"

"Daktari, msikie. Huyu ni mwongo tangu anatambaa."

Daktari akawaonya wote: presha ikipaa vile tena, Mzee anaweza kupigwa na kiharusi asiinuke.

Fundi alirudi nyumbani kichwa kizito. "Dada ananisingizia? Au nilikifudikiza mwenyewe nikasahau? Nikawa nafunga mlango, narudi kuangalia kama nimeufunga. Nikasema basi, na mimi nimeshaambukizwa."

Jana akiwa anashona mto, alichungulia dirishani akamwona Mzee, taulo limening'inia mkononi. Mzee akakinyanyua kikombe, akakipangusa, akakifudikiza, akarudi nyuma hatua moja kukitazama.

"Nikamuuliza, Mzee, unafanya nini? Akanijibu, 'Mteja, kikombe safi hakikai wazi, kinaingia vumbi. Kwani wewe umelelewa wapi?'"

Fundi anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha cheko linakatika.

Ugomvi wao ulianzia kwenye kochi. Alimtengenezea mama kochi kwa mikono yake. Mama alipofariki, dada akampa jirani kochi hilo. Dada alisema ni Mzee aliyemwagiza. Mzee alipoulizwa akasema hajaona kochi lolote. Fundi akaamua dada ni mwongo, ikawa basi.

"Sasa sijui. Labda ugonjwa ulikuwa umeshaanza nasi hatukuuona. Juzi Mzee kampa mpita njia mto wa kochi la watu, eti zawadi ya hoteli. Labda alimwagiza kweli. Labda hakumwagiza. Muda wote huu nimemnunia nani? Dada, au ugonjwa?"

Ukimuuliza Mzee mwenyewe, anakuambia jiko limefungwa.

Leo kidonge amekikataa tena. Fundi amekisimamisha kikombe, kimefudikizwa. Amekisimamisha tena, kimefudikizwa tena. Angebuni alama nyingine, lakini Mzee hataacha kitu bila kukipanga.

Mlango wa mbele unalia. Dada anaingia na furushi la nguo, anatupa jicho dirishani, anapita zake. Fundi, misumari mdomoni, anaelekea mlango wa nyuma. Anasimama. Anaitema yote kiganjani.

"Dada. Hajanywa."

Furushi linadondoka. "Kumbe una mdomo?"

"Kikombe anakifudikiza Mzee. Si mimi, si wewe."

Dada anamtazama baba, anatazama kikombe, kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua. "Na lile kochi, je?"

"La kochi sijui, dada. Kweli sijui. Tumpe dawa kwanza."

"Wateja," Mzee anaingilia kati, taulo mkononi, "mtasimama mpaka lini?"

Wanatoka hadi kibarazani na kukaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikilia chini yao. Mzee anawahesabu kwa kidole, anaridhika. Anachukua kidonge, anakimeza, anakunywa maji mpaka mwisho.

Fundi anasema kuanzia kesho watapokezana zamu kwa mdomo. Na kwa kuwa kochi hili ni la mtu, anataka kuanza la nyumbani, la kukaa wawili.

"Kitambaa nachagua mimi," dada anasema. "Wewe rangi huzijui."

Fundi anafungua mdomo kujibu. Halafu anairudisha misumari.