Mistari Minne Niliyoifuta

Ofisi yetu ya wakulima pale Garsen ilikuwa na kompyuta moja, mtumba wa wafadhili. Mimi ndiye niliyeweka Linux ndani yake, programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye CD niliyopewa na rafiki yangu wa Malindi. Karibu kila kitu kiligoma. Printa haikutambuliwa, kipanya kilikuwa kama kimekufa, na skrini ilitetemeka mpaka kichwa kikauma.

Mchapaji wetu alikuwa mama wa Kipokomo kutoka Ngao, mkubwa wangu kwa miaka ishirini hivi. Nilidhani atairudia taipureta yake. Badala yake alivuta kiti.

"Haya mwanangu, nionyeshe pa kubadilisha."

Kwa wiki tatu, kila jenereta ilipowashwa, alijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine, akiandika daftarini kipi kimekubali. Printa aliiamsha yeye. Hata skrini aliituliza yeye, mimi nimeshakata tamaa na kwenda zangu kunywa chai.

Waliotengeneza ile CD walikuwa watu wa kujitolea huko ng'ambo. Walikuwa wameomba waelezwe vifaa vilivyowashinda watumiaji, ili toleo lijalo livitambue lenyewe tangu mwanzo. Mama alichapa orodha ya vifaa vyetu, pamoja na dawa ya kila kimoja. Chini akaongeza mistari minne. Aliomba programu ya kuandikia barua ianze na herufi zilizokuzwa, kwa sababu wako wachapaji wenye macho yaliyochoka, na kutafuta pa kuzikuza ni taabu kwa asiyejua Kiingereza kingi.

Nilikwenda Malindi, kwenye ofisi ya rafiki yangu aliyekuwa na barua pepe, nikaitafsiri orodha yote. Nilipofika kwenye ile mistari minne nikaifuta. Niliona haya. Nilifikiri wataalamu watatucheka kwa kuwaletea habari za macho. Kisha nikatia jina langu chini, peke yake.

Toleo jipya lilifika baada ya miezi kadhaa. Printa ilitambuliwa papo hapo, kipanya kikatembea, skrini ikatulia. Katika majina ya walioshukuriwa, langu lilikuwemo. Mama alilisoma kwa sauti, uso wake karibu uguse kioo cha skrini.

"Hongera," alisema. Akafungua programu ya barua. Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi. Alizitazama kwa muda. "Na lile ombi langu?"

"Labda hawakuona lina maana, mama."

"Labda."

Mwisho wa mwaka aliomba kuacha kazi. Alisema shamba linamhitaji, nami nikajilazimisha kuamini. Lakini kila nilipowasha ile mashine nilimwona ameinamia kioo. Hatimaye nikawaandikia tena wale watu, safari hii nikaweka mistari yake yote minne na jina lake kamili. Walijibu kwamba hilo ni jambo dogo, na wakauliza mbona halikusemwa mapema. CD iliyofuata, kabla ya lolote, ilimuuliza mtu anataka herufi za ukubwa gani. Jina la mama lilikuwa kwenye shukrani.

Nilikwenda Ngao nikamkuta uani akianika mpunga. Nilimweleza kuhusu toleo jipya, akatabasamu.

"Kumbe walikuwa wanasoma."

"Mama, ile mara ya kwanza sikuwapelekea mistari yako. Niliifuta mimi."

Mkono wake ulisimama juu ya mpunga. "Uliifuta?"

"Niliona aibu."

"Mimi nilidhani wamesoma, wakaona mtu wa macho haya kazi hii si yake. Ndiyo maana nikaondoka."

Nilimwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na naamini alimaanisha. Nilimwuliza kama angerudi ofisini. Akasema nafasi yake imeshachukuliwa, jambo nililolijua vizuri, kwa kuwa mrithi wake nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa kutumia daftari la mama.