Sahani ya Bibi

Asubuhi ile niliamka Makandana, nikaona ukungu umeufunika mlima Rungwe, nikafunga begi. Usiniulize nilikuwa nakwenda wapi, rafiki yangu. Tangu nilipoacha shule sijawahi kuwa na jibu la swali hilo. Niliteremka hadi mpakani Kasumulu, nikavuka, nikapanda gari la kwanza lililokuwa linaondoka. Kesho yake alasiri mvua ilinikuta katika mji mdogo kando ya ziwa, upande wa Malawi. Kila nyumba ya wageni niliyobisha hodi ilikuwa imejaa watu wa harusi. Ilibaki hoteli moja ya kitajiri mwisho wa barabara, mahali ambapo mtu wa viatu kama vyangu hupitia mlango wa nyuma. Nikapitia mlango wa nyuma.

Huko jikoni mpishi mmoja mnene alikuwa anafungia samaki kwenye majani ya mgomba, na kila jani lilimpasukia mkononi.

Kuyaona tu yale majani, nikarudi kimawazo kijijini Ikuti, nyumbani kwa bibi aliyenilea. Kwetu mvua ilikuwa ndiyo saa ya ukutani: ikianza kupiga migomba tulijua ni wakati wa kuwasha moto. Bibi alikuwa na sahani moja ya udongo, ya mgeni. Sisi tulikula kwenye jani. Alichagua ambalo upepo haujalichana, akalitoa uti, kisha akalibabua, yaani akalipitisha juu ya moto polepole mpaka likageuka kijani kizito, likalainika na kung'aa kama limepakwa mafuta. Harufu yake ilinifikia kabla ya chakula. "Sahani ya Kyala haioshwi," alisema. Kyala ndiye Mungu kwa lugha yetu, na bibi alimsema kama jirani wa nyumba ya pili.

Chakula changu cha shule, ndizi na maharage, kilifungwa humo humo. Wenzangu waliokuja na mabakuli ya plastiki waliniita Bwana Mgomba. Siku moja nilikitupa kichakani bila kukifungua, jioni nikamwambia bibi nimeshiba. Kumbe alikiona njiani akitoka kuchuma chai. Kesho yake alibabua jani jingine, akafunga kwa kukaza zaidi. Nimetembea nchi nyingi nikiwa na kile kifurushi kichwani.

"Babua kwanza, kaka," nikamwambia mpishi.

Alizaliwa Karonga, kwa hiyo Kinyakyusa changu na Kingonde chake vilisikilizana kama ndugu. "Mtanzania!" akacheka. "Umekuja kutuibia ziwa letu?"

"Nimekuja kuangalia kama mnalitunza vizuri Ziwa Nyasa letu."

"Ziwa Malawi! Mimi nimekulia mjini, bwana, migomba naijua kwenye picha. Wageni wameshakaa mezani. Kama unajua, nionyeshe."

Nilinawa mikono. Jani la kwanza lilipogeuka rangi juu ya moto wa gesi, mpishi akasogea karibu. La tatu akalifanya mwenyewe, likakunjika bila kupasuka, akaita watu waje waone.

Aliyekuja ni mama mwenye hoteli. Alitazama vifurushi vimepangwa, akatazama viatu vyangu, akauliza swali. Mpishi akanitafsiria: "Mama anauliza umesomea chuo gani."

Nakiri kwako: swali hilo nimelijibu kwa uongo maisha yangu yote. Nimewahi kusoma Arusha, nimewahi kusoma Nairobi, inategemea nani ameuliza. Uongo ulishafika mdomoni. Lakini mikono yangu ilikuwa inanuka jikoni kwa bibi, na sikuweza kumtupa kichakani mara ya pili.

"Ikuti," nikasema.

"Mama anasema amewahi kukisikia. Bado wanapokea wanafunzi?"

"Hapana. Kimefungwa. Kilikuwa na mwalimu mmoja tu, bibi yangu. Amefariki."

Mpishi alipotafsiri, yule mama akatoa ufunguo mfukoni. Kuna wageni hawakufika, akasema; chumba cha juu, kinachotazama ziwa, nilale humo bure.

Rafiki yangu, shuka zilikuwa nyeupe hata nikaogopa kukaa. Chakula kililetwa kimefunikwa kwa kifuniko kinachong'aa, na mhudumu akakifunua kama anayefungua zawadi. Juu ya sahani pana ya udongo, sahani ya mgeni, kulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Nilikifungua. Nikala kwa mkono, nikamaliza chote.

Siku hizi pale palipokuwa na migomba ya bibi wamepanda miparachichi kwa mistari iliyonyooka, na jiko lake halina hata majivu. Usiku ule hotelini mhudumu alirudisha sahani ikaoshwe. Jani nilibaki nalo.