Mbwa wa Memsabu na Beseni la Ubatizo

Aibu hii nimeinyamazia miaka mingi, na mkicheka sitawalaumu, maana waliokuwepo walinicheka mbele ya macho yangu, tena ndani ya nyumba ya Mungu.

Nilikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa huko Ruiru, siku zile za Hali ya Hatari, ambapo hutoki shambani bila ruhusa ya mwajiri. Pasta alifika kanisani kwetu, upande wa Thika, mara chache sana, kwa hiyo alipotangaza Jumapili ya ubatizo nilimsihi memsabu, yule mama wa Kizungu mwenye shamba, karibu nimpigie magoti (Bwana anisamehe) ili nimpeleke binti yangu mchanga, Nafula. Memsabu alikuwa anakwenda Nairobi siku hiyo, na mbwa wake hakuwa na wa kumwangalia.

"Basi nenda na Simba," akasema. "Kivuli na maji kila wakati. Akiugua, kazi hakuna."

Simba alikuwa mbwa wa nchi ya baridi, manyoya mazito kama mablanketi mawili, na joto lilikuwa lile la kabla ya mvua, linalokufunika kama mvuke wa sufuria. Tulitoka alfajiri, mke wangu Rasoa na mtoto mgongoni, mimi na mbwa, na kila tulipokuta mto nilimlowesha tumbo na miguu, huku mtoto wangu mwenyewe akitokwa jasho. Tulipofika nikamfunga Simba nyuma ya ukuta wa kanisa, kwenye kivuli kizuri, nikamwekea maji kwenye sufuria. Nikaona nimemaliza kazi.

Lakini ibada ilikuwa ndefu, na jua halingojei mahubiri. Nilipotoka kuchungulia nilikuta kivuli kimekwisha, sufuria imepinduliwa, mbwa ulimi nje, anahema kama mvukuto wa mhunzi. Nikafikiri: sakafu ya saruji ni baridi, nitamlaza nyuma kimya kimya, nani ataona?

Alilala kweli, tumbo chini, mpaka pasta alipoita, "Wazazi waje mbele." Nikasimama, na Simba naye akasimama, akasikia harufu ya maji, akaniponyoka na kamba yake, akapita katikati ya akina mama na kutia kichwa kizima ndani ya beseni la ubatizo, akanywa, kisha akajikung'uta juu ya kanzu ya pasta.

"Hii! Baba Nafula," akasema mzee Kariuki wa benchi la mbele, "kumbe leo umeleta wawili?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Pasta hakucheka. Maji mengine yakaletwa, watoto wote wakabatizwa, na alipofika kwa Nafula akafunika kitabu, akanigeukia. "Wewe utangoja. Jifunze kwanza kuheshimu nyumba hii."

Njia nzima ya kurudi Rasoa alisema neno moja tu: "Baba Nafula, mbwa amekunywa. Mtoto wetu je?"

Jioni memsabu akampapasa Simba masikio, pua, tumbo. "Vizuri sana," akaniambia. "Hajaumia kabisa." Wala hakuuliza habari za mtoto. Nami, mzazi mzima, nikainamisha kichwa nikasema, "Asante, memsabu."

Pasta hakurudi mpaka mwaka uliofuata, na Nafula alikwenda mbele kwa miguu yake. Kicheko cha watu nilikisamehe zamani. Ile asante ndiyo bado naiombea toba, na niliapa kwamba shukrani yangu sitaitoa tena kwa hofu.