Pepo Aliyechukia Injili

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga bado, na muhuri wa zahanati yetu ya Tlawi uliendelea kusema Arusha. Mimi nilikuwa tabibu pale, na Jumapili nilisali kama watu wengine. Ndiyo maana nilimwona yule binti kanisani kabla hajawa mgonjwa wangu.

Alikuwa anaanguka wakati wa Injili tu. Somo la kwanza alikaa akisikiliza vizuri, la pili vivyo hivyo. Kisha tulisimama wote kuimba Aleluya, na Aleluya ya kwetu ina ngoma na kayamba, haina haraka. Uso wake ukaanza kupauka. Padri alipofungua kitabu, macho ya binti yalikuwa yamegeuka, weupe mtupu. Mama yake na wanakwaya wawili walimdaka makwapani wakamshikilia wima, ili pepo asimbwage mbele ya altare. Akiwa wima hivyo alitetemeka mwili mzima, na kooni mwake ukatoka mkoromo ambao sikuupenda hata kidogo. Ukungu ulikuwa ukiingia mlangoni. Nywele zilinisimama, na mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Jumapili ambayo padri hakuja, katekista alifupisha Aleluya na binti hakuanguka. Watu wakasema, mnaona, pepo anamjua padri.

Baada ya mavuno mama yake alimleta zahanati. Hakutaka dawa. Upande wa mchumba wake ulikuwa umesimamisha mazungumzo ya ndoa, na kikundi cha maombi kilitaka kumfungia binti afunge, bila chakula wala maji, mpaka pepo atoke. Padri alikuwa amesema wasubiri kwanza neno la hospitali. Mama alitaka niseme kwamba hakuna ugonjwa.

Nilikaribia kulisema. Malaria hakuna, damu inatosha, mimba hakuna, presha nzuri. Alipolala kitandani mapigo yake yalikuwa ya mtu anayeota jua. Lakini nilipomuuliza yeye mwenyewe, na nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza, alisema tangu apone homa ya matumbo hali ile humjia pia akiinuka kutoka kupalilia, na akisimama kumwamkia babu yake. Hapo nikaudhika. Pepo anayechukia Injili ana ugomvi gani na babu?

Nikamrudisha kitandani, nikamwomba mama asome Injili kwa sauti. Alisoma ukurasa mzima. Chini ya vidole vyangu mapigo hayakubadilika.

Kisha nikamsimamisha binti, nikasema asisome mtu yeyote, asiseme mtu yeyote. Tulisimama watatu katika kimya kile. Mapigo yakaanza kupanda. Yalipita mia, yakapita mia na thelathini, na presha haikushuka. Nimeshika mikono mingi, ila ule sijausahau: moyo wa mtu anayefukuzwa, na chumbani hakuna anayemfukuza. Nilijikuta nikitazama mlango. Midomo ya binti ikawa ya kijivu, macho yakaanza kugeuka, na mama akaruka kumshika makwapa.

“Mwache, mama,” nilisema. “Mlaze.”

Tukamlaza sakafuni. Hakutetemeka. Hakukoroma. Moyo ukatulia kama ng'ombe aliyefika zizini, naye akafumbua macho akaomba maji.

Jina la ugonjwa nililipata baadaye kwa daktari wa hospitali kubwa, ambaye naye alimpima vilevile, amelala kisha amesimama. Siku ile nilimweleza mama kwa maneno niliyokuwa nayo. Mwanao akisimama damu inashukia miguuni, na moyo unakimbia kuifuata. Anywe maji mengi, asiogope chumvi, ainuke polepole, na Injili ikisomwa akae. Wakimfungia bila maji watamwongezea tu.

Mama alisikiliza akiwa amepiga magoti pale sakafuni, kichwa cha binti mapajani mwake. Akauliza kuhusu mkoromo, na kule kutetemeka. Nilimwambia ukweli, kwamba damu isipofika kichwani mwili hutafuta kulala chini, na ukinyimwa kulala ndipo unahangaika vile.

Aliitazama mikono yake.

“Alikuwa anataka kulala tu,” alisema. “Na mimi ndiye niliyekuwa namshikilia.”