Jumapili Niliyomnyamazisha Mama Yustina

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya miaka hamsini na imenishinda. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka mafunzo ya uinjilisti ya miezi sita, nina shati jeupe moja na cheti nilichokikunja ndani ya Biblia. Nilijiona mtu kweli kweli. Ukiniona leo ninavyokokota mguu huu huwezi kuamini kwamba niliwahi kuwa na maringo, lakini nilikuwa nayo, tena ya kutosha kijiji kizima.

Nimekuita leo nikueleze haya kwa sababu ya lile ulilonijia nalo juzi hapa nyumbani kwangu Kibaoni, Ifakara. Ulinionyesha kwenye simu aya ulizozikusanya, ukataka nisimame nawe kanisani, tumkataze yule binti wa kwaya asihubiri siku ya vijana. Ukaniuliza, "Mzee, si Biblia yenyewe inakataza?" Nilijifanya nimesinzia, ukaaga ukaenda. Nisamehe, sikuwa nimesinzia.

Enzi hizo mpunga ukianza kuchanua watu wa bondeni walihama kijijini wakaenda kuishi shambani. Kila familia ilikuwa na dungu lake, kibanda cha juu ya miti ambacho maji ya mafuriko hayakifikii, na huko walikaa miezi wakipambana na ndege na nguruwe mwitu mpaka mavuno. Kanisa lilibaki kijijini limefungwa, na mchungaji hakuwa mtu wa kukanyaga matope. Basi kule chini ya kijiji cha Michenga watu walikusanyika kila Jumapili kwenye uwanja wa kupuria mpunga wa mjane mmoja, Mama Yustina. Walikwenda kwake kwa sababu ndiye pekee aliyejua kusoma.

Mama Yustina alikuwa mtu wa Masagati, aliolewa huku, mume akafariki akamwachia watoto wawili wadogo wa kiume na shamba. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Alisoma Biblia polepole, kwa sauti nzito, na alikuwa na tabia ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine yeyote: alikuwa akibishana na anachokisoma. Siku niliyofika, nimetumwa na mchungaji, nilimkuta kwenye habari za Hajiri, yule mjakazi wa nyumbani kwa Ibrahimu aliyefukuzwa pamoja na mwanawe, akapewa mkate na maji kidogo, akaachwa atangetange jangwani. Alipofika hapo alifunga kitabu akawatazama watu.

"Hapa mwenzetu alionewa," alisema. "Sijui kwa nini imeandikwa hivi, lakini alionewa. Tumwombee."

Na watu, wanaume kwa wanawake, wakainamisha vichwa wakamwombea Hajiri.

Kwanza nilitaka kucheka. Kumwombea mtu wa kwenye Biblia! Halafu nikaona wanawake wanafuta machozi kwa pembe za khanga, na mzee mmoja mvuvi anajifanya ameingiwa na vumbi machoni, nikakasirika. Mahubiri yangu ya majaribio kule mafunzoni hayakuwahi kumtoa mtu hata chozi moja. Huo ulikuwa wivu, mwanangu. Wakati ule niliuita uchungu wa nyumba ya Bwana.

Jumapili iliyofuata nilisimama mapema, kabla hajafungua kitabu. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima.

"Mama Yustina," nilisema, "neno la Mtume liko wazi. Mwanamke anyamaze kanisani."

"Hapa ni kanisani, mwinjilisti? Hapa mimi napuria mpunga."

Watu wakacheka. Hakusema kwa dharau, alisema tu kama alivyoona, lakini kile kicheko ndicho kilichonimaliza. Nilifungua Biblia nikawasomea ile aya, nikairudia kwa sauti ya juu zaidi. Ndege walikuwa wamejaa kwenye mpunga na hakuna aliyewakumbuka.

"Na kusoma tu?" aliuliza. "Kusoma nako nisisome?"

"Usisome mbele ya wanaume."

Akaniuliza jambo ambalo nalisikia mpaka leo ninapoosha uso asubuhi.

"Ni Mungu anasema, au ni wewe?"

"Ni Mungu," nilisema. Sikumeza hata mate.

"Kama ni Mungu, sawa." Akaviringisha Biblia yake kwenye khanga, akaenda kukaa na wanawake wenzake, nyuma.

Nilisoma mimi siku ile, na Jumapili zote zilizofuata. Nilisoma bila kujikwaa. Walisema amina panapostahili amina. Mpaka mavuno watu walikuwa wamepungua nusu, na yule mzee mvuvi alinisimamisha njiani akaniambia, "Kijana, umekuja juzi tu. Ulishindwa kukaa ukatusikiliza hata mwezi mmoja?" Nikamjibu kwa aya nyingine. Aya hazikuwa zinaniishia.

Pale uwanjani alikuwepo binti wa miaka kumi na sita anaitwa Salome. Alikuwa mmoja wa mabinti waliofundishwa kusoma na Mama Yustina, kila Jumapili baada ya sala, wakifuatisha maneno kwa kidole. Baada ya miaka minne nilimwoa. Tulizaa watoto watano. Salome alikuwa mpole nyumbani kwangu, hanijibu, hanipingi, na mimi niliusifia ukimya wake madhabahuni, nikawaambia akina mama wengine waige. Sikuwahi kumuuliza ananyamazia nini. Miaka thelathini na sita ya ndoa, na swali hilo halikunijia.

Aliugua miaka kumi na moja iliyopita. Ulikuwa ugonjwa wa tumbo, na hospitali wakaturudisha nyumbani kwa maneno ya huruma yale ambayo mtu mzima anaelewa maana yake. Asubuhi moja, baada ya kumbadilishia shuka, akaniambia, "Niitie Mama Yustina. Nataka anisomee Hajiri."

Nilishangaa sana. Tangu usichana wake alikuwa ameitunza Jumapili ile moja, na hakuwahi kuitaja.

Mama Yustina aliletwa na bodaboda kutoka Michenga, amekuwa bibi, mgongo umepinda. Chumbani walikuwepo wazee watatu wa kanisa waliokuja kumwona mgonjwa. Salome akamwamkia kwa tabu, "Shikamoo, mama," kisha akasema, "Nisomee."

Mama Yustina aligeuka akanitazama. Hakuwatazama wale wazee, alinitazama mimi, na nilielewa mara moja kwamba anasubiri ruhusa. Nilitakiwa kusema neno moja tu, "Soma." Mke wangu alikuwa anakufa, na neno moja lingempa kitu cha mwisho alichokitaka duniani. Lakini wale wazee walikuwa wameketi pale, watu niliowahubiria miaka yote kwamba mwanamke hasomi mbele ya wanaume, na niliona haya. Ndiyo, mwanangu, haya tu. Hakuna sababu kubwa zaidi ya hiyo.

"Mama amechoka na safari," nilisema. "Nitasoma mimi."

Nikasoma habari yote ya Hajiri, toka mwanzo mpaka kisima. Nilisoma vizuri. Nilipomaliza Salome alinitazama, hakuwa na hasira, akasema, "Si wewe." Akageukia ukutani. Mama Yustina alikaa akamshika miguu mpaka mchana. Salome alifariki Alhamisi ya wiki ile. Aliongea na watoto, aliomba maji, aliulizia kuku wake. Mimi hakuniambia kitu tena baada ya hayo maneno mawili.

Baada ya arobaini nilichukua Biblia yangu nikaenda Michenga. Nilimkuta Mama Yustina anapepeta mchele. Nilipiga magoti palepale kwenye pumba, mtu mzima mimi, nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Hakuwa Mungu, nilikuwa mimi. Nakuomba usome tena." Nilidhani nikishatamka hivyo kitu kitapona.

Aliipokea Biblia, akaifungua, akaitazama kwa muda mrefu sana.

"Siwezi, mwinjilisti."

"Ni macho?"

"Macho ninayo. Herufi ndizo sizijui tena." Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Mwanzoni aliacha kusoma kwenye sala, akawa anajisomea nyumbani. Halafu wanawe wakakua. "Wakaota ndevu, wakawa wanaume. Wewe uliniambia nisisome mbele ya wanaume. Na nyumba yangu ni chumba kimoja na sebule, ningesomea wapi? Nikaacha."

"Mama, sikuwa na maana hiyo!"

"Uliniambia ni Mungu."

Akanirudishia kitabu. Hakunilaani. Laiti angenilaani. Alisema, "Nimeshazoea," akaendelea kupepeta, nami nikanyanyuka na pumba magotini nikarudi Ifakara. Naye ameshazikwa sasa. Nilikwenda kulisema jambo hili kwenye baraza la wazee wa kanisa, nikitaka wajue tulichokuwa tunafanya. Walinisikiliza kwa adabu, wakasema mzee bado ana majonzi ya mke wake, wakaninunulia soda.

Sasa swali lako. Umeniuliza kama Biblia inakataza. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam ananiuliza vingine, yeye anasema kitabu chenyewe kinawachukia wanawake na amekiacha, hakanyagi kanisani. Siwezi kumwambia kwamba kurasa hizo hazimo, wakati ndizo nilizozitumia. Zimo. Zimo zinazomweka mwanamke chini, na zipo zinazoumiza zaidi ya hiyo niliyoisoma mimi, na nimechoka kusikia watu wakizilainisha ili zisikwaruze. Na wanawake walioona kaburi limefunguliwa nao wamo, wakatumwa wao kwanza kuwapelekea wanaume habari. Siku ile uwanjani nilizijua kurasa zote mbili, mwanangu. Nilifaulu mtihani wa zote mbili, alama zilikuwa kwenye cheti. Nikachagua ile iliyonipa nafasi ya kusimama mbele.

Kwa hiyo sijui kama kitabu kina hatia. Watu wenye elimu kuliko mimi wamebishana juu ya hilo na wataendelea. Ninachojua ni kwamba mimi ninayo. Mama Yustina alisoma kurasa zilezile ngumu, akafika kwenye maumivu ya mwanamke mwenzake, akasimama, akawaombesha watu. Mimi nikafika palepale nikapata la kumfungia mdomo.

Nasaha yangu ni hii, na sina tumaini kubwa kwamba utaifuata, kwa sababu nakujua, na kwa sababu mimi mwenyewe nilipoambiwa na yule mvuvi sikusikia. Kabla hujamsomea mtu aya ya kumnyamazisha, kaa peke yako ujiulize akinyamaza wewe utapata nini. Ukiona kuna kitu utapata, funga kitabu. Usiseme ni Mungu wakati ni wewe, maana yupo atakayekuamini, na aliyekuamini utamtafuta baadaye umrudishie alichokuwa nacho na hutaweza. Yule binti wa kwaya mwache ahubiri. Akikosea, mbishie kama watu wanavyobishiana. Sitasimama nawe Jumapili, na najua utawapata wengine wa kusimama nao, hawajawahi kuadimika bonde hili.

Njoo nikubariki hata hivyo, maana sina wa kumbariki zaidi yenu vijana mnaonijia. Mungu akupe mke, na akupe masikio ya kumsikia angali na nguvu za kusema. Akuepushe na sifa nilizozipata mimi. Na siku atakapolala kitandani akakutajia sauti anayoitaka, Mungu akujalie uwe na moyo wa kuiita, na mwenye sauti hiyo awe bado anajua kusoma. Amina, mwanangu. Nenda.