Nimemsengenya muuza GPS mbele yake

Jamani, leo nilitamani ardhi ipasuke inimeze!

Mimi na mume wangu tuko dukani Kenton, huku ughaibuni, tunatafuta GPS moja ya kutumia garini na hata milimani tunakotembea wikiendi.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi, akatuchagulia ile nene isiyoingia maji.

Nikamnong'oneza mume wangu kwa Kiswahili, "Huyu mlima ataujulia wapi na kitambi kile?"

Mzee akajibu, "Mwanangu, mimi mzaliwa wa Moshi. Kilimanjaro nimepanda na kitambi hiki hiki."

Loh! Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikatoa shikamoo, nikaomba radhi, tukainunua ile ile.

Sasa tumealikana: Jumapili mzee na mkewe wanakuja kupanda mlima nasi, tena wanaleta na sambusa.

Nyie, uso nitauweka wapi?